Mtaa Asikopita Mtu

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala huwa nimelala, na wanaokuja kunisimulia walichoota huwa nawasikiliza huku nachambua mchele. Lakini niliyoiota Jumamosi ile ya kuzungushwa mitaani nataka muisikie, hasa ninyi mnaotafuta nyumba za kununua, maana ilinikuta kichwa kimejaa na moyo umechafuka, na hadi leo sijaimaliza.

Tangu asubuhi mwanangu Hemedi alikuwa amenitia garini ananionyesha makazi. Nyumba yetu ya Magomeni ilipata mnunuzi, mtu anayetaka kuibomoa ajenge ghorofa, na Hemedi akaona ndiyo nafasi ya kututoa mimi na baba yake tukaishi pazuri. Tukaenda huku, tukaenda kule. Hapa maji hayakatiki ila hospitali iko mbali, pale lami inafika hadi mlangoni ila ua haumtoshi hata kuku, kwingine bei inavutia lakini kila ukiuliza habari za mvua mwenyeji anakohoa. Mkwe wangu, mke wa Hemedi tuliyekuwa naye garini, kazi yake ilikuwa kupiga picha vyoo. Mimi naitikia tu, naam, pazuri, na moyoni namfikiria Mzee Pazi, mume wangu, niliyemwacha barazani chini ya macho ya jirani yetu Mama Chausiku. Pazi alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Maneno yote yalimtoka, yakaenda nisikokujua, likabaki moja. Mtoto akipita akamwambia shikamoo babu, hujibu marahaba, wazi kabisa, kwa sauti ileile aliyoniposea. Ukimuuliza kama anataka chai, anakutazama. Ukimtajia jina lake, anakutazama. Lakini shikamoo haimpiti, na kwa kuwa mtaa wetu una watoto na vijana wa kila namna wanaopita kwenda dukani, kisimani na chuoni kusoma Kurani, mimi nikiwa jikoni kutwa nzima husikia sauti ya mume wangu.

Hemedi aliponirudisha mchana alipita mbele ya kiti cha baba yake na funguo mkononi, akaniuliza mimi, "Baba ameshakula?" Kisha akasema mnunuzi hasubiri, anataka jibu kabla ya magharibi, na mtu mwenye akili zake hawezi kulinganisha tulikotoka kuona na shimo hili lenye maji mlangoni kila masika. Akaondoka kwenda kwa dalali. Nilikuwa na hasira nikashindwa hata kula. Nikajitupa kwenye jamvi ukumbini, nikajifunika kanga usoni, usingizi ukanibeba.

Nikajiona niko katika mji nisioujua, barabara zake zinajikunja na kujikunjua zenyewe, na nyumba zake zina kope madirishani, zinafumba na kufumbua kadiri mtu anavyosogea. Nilikuwa namsukuma Pazi katika kiti cha magurudumu ambacho hatuna. Langoni akatupokea bwana mmoja wa suti nyeupe, ananukia manukato hadi unapiga chafya, akasema jina lake Tamaa na kwamba hakuna nyumba katika mji ule isiyopitia mkononi mwake. Nyuma yake kidogo alisimama mwanamke mkavu, kavaa kanga iliyopauka, hana kiatu. Nikauliza huyu naye nani. Akajibu mwenyewe, polepole, kwamba anaitwa Tahadhari, kwamba kazi yake ni kutangulia, ila watu wa mji huu humwita wakishalipa. Nikampenda palepale. Nikamwambia atangulie.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa Fahari. Mashallah, ulikuwa unang'aa, kuta nyeupe, mageti ya dhahabu, maua hata juu ya paa. Lakini wenye nyumba wote walikuwa juu ya ngazi, jua la utosi, wanaongeza matofali, kwa sababu kila jirani akipandisha ukuta shubiri moja na wewe sharti upandishe, na ukishuka kunywa maji unakuta umeshazidiwa. Nikamsalimia mama mmoja, akaniambia nisimpotezee muda, ana miaka hajaingia chumbani kwake kulala. Tamaa akanong'ona kwamba bei ya hapa haishuki. Tahadhari akasema, "Ni kweli haishuki. Na wao pia hawashuki." Tukaendelea.

Mtaa wa pili, Pupa, ulikuwa bondeni, na ardhi yake ilikuwa imekauka vizuri, imefagiliwa, inakuita. Watu walikuwa wananunua mbiombio bila kuuliza jirani wa mpaka ni nani. Katika kiwanja kimoja nikaona familia nne zimeketi zimepeana migongo, kila moja imekinunua kihalali kwa kijana mmoja mchangamfu aitwaye Ulaghai, na hakuna anayethubutu kusimama asije akakosa pa kukaa tena. Nikataka kuwauliza wanakula nini, lakini Tahadhari akainama, akachota udongo, akaukamua, yakatoka maji. Mbingu ikafunga. Tulipanda juu mbiombio, nasukuma kiti, na nyuma yetu nilisikia vyombo vyao vikigongana majini.

Ndipo tukafika mtaa wa tatu, na hapo nilitaka kukaa, siwafichi. Miti, kivuli, ukimya, hewa safi, barabara haina hata karatasi. Tamaa akasema hapa panaitwa Salama. Nikaona nimefika. Nikamweka Pazi nje ya geti, kwenye kivuli, kama anavyokaa barazani kwetu, nikamtengeneza kola, nikasubiri. Hakupita mtu. Yalipita magari yenye vioo vyeusi, hayakupunguza mwendo. Pazi aliinua kichwa kila gari lilipokuja, akaweka ile sura yake ya mtu anayeamkiwa, mdomo umeshafunguka nusu, gari likapita, akaufunga. Likaja jingine, akaufungua, akaufunga. Nikaona midomo yake inaanza kushikana, ngozi inaota juu yake taratibu kama kidonda kinachopona, mpaka mahali pa mdomo pakawa bapa. Nilipiga kelele. Kope za madirisha zikafumba zote. Akaja mlinzi, mrefu, macho mekundu kwa kutolala, akaniambia kwa adabu nimwondoe mzee, anaharibu mandhari. Nikamuuliza mwenye mtaa huu ni nani nikamshitakie. Akasema mwenye mtaa ni yeye, na jina lake ni Hofu.

Nikamgeukia Tahadhari nikamlaumu, kwa nini hakunambia. Akasema, na hakuharakisha neno hata moja, "Umeniuliza habari za maji, ukaniuliza barabara, ukaniuliza bei, na yote nimekujibu. Hukuniuliza ni nani atapita."

Nikamgeuza Pazi tukarudi mbio, na njia yote namkanda midomo kwa vidole, naikanda mpaka ikaachana, hadi nikasikia harufu ya mihogo ya kukaanga na mtaro ulioziba nikajua niko kwetu. Mwanzoni mwa mtaa alikaa bibi mmoja namfahamu vizuri na simpendi, Umbea, na kanga yake ya mafumbo, anatazama huku na huku. Nilitaka kumpita. Akanishika mkono akasema, "Juzi mumeo alichelewa kutokea barazani, nikauliza. Unanichukia kwa kuuliza. Nami siku hizi sauti inakauka, maana sina wa kumuulizia." Nikatazama. Tamaa alikuwa ametutangulia kwa njia nyingine. Alikuwa anang'oa nyumba moja moja, anazibeba kwapani, na kila nyumba iliyong'oka, mtoto mmoja aliyekuwa anakuja barabarani alifutika. Pazi alikuwa amekaa barazani, anageuza shingo huku, anageuza kule. Kisha, kutoka mwisho wa barabara, akaja mtu mmoja tu, anatembea haraka, anaongea na simu, na alipokaribia nikaona ana uso wa Hemedi. Pazi akafungua mdomo. Yule mtu akampita kama anavyopita nguzo ya umeme, akaja kwangu, akauliza, "Mtaa huu ni shilingi ngapi?" Nikataka kumwambia geuka, mwanangu, geuka nyuma yako, lakini neno halikuja. Nilikuwa nimebakiwa na ukimya kama wa mume wangu. Nikaamka nalia.

Nje watoto walikuwa wanatoka chuoni. Nikasikia shikamoo babu, nikasikia marahaba. Nikasikia ya pili. Ya tatu sikuisikia, na zamani hazikuwa na idadi. Nikatoka na macho mekundu, Mama Chausiku akaona, akadhani nimeshaambiwa. Akasema ndiyo, na wao wamekubali kuuza, mwezi ujao anahamia kwa bintiye. Alisema anatazama chini. Nikakaa kando ya Pazi, nikaelewa kilichonisumbua siku nzima. Nilikuwa nazikasirikia nyumba za watu, kumbe mtaa wa kwanza asikopita mtu ulianzia miguuni mwa mwanangu mwenyewe, anayempita baba yake kama hapana mtu. Tangu baba yake aanguke hajawahi kumwamkia hata siku moja, na mimi nilinyamaza nikadhani ni haraka za kazi.

Gari likasimama. Hemedi akashuka, akaniamkia, akauliza nimeamuaje, na baba ameshindaje.

"Baba yako yuko hapo," nikamwambia. "Mwamkie."

"Mama, si unajua hali yake. Nitamwamkiaje mtu asiyesema?"

"Mwamkie."

Akatazama huku na huku, kaona haya mbele ya jirani. Akachutama mbele ya kiti. "Shikamoo, baba."

Pazi akageuza shingo, taratibu, akamtazama sana. "Marahaba," akasema.

Hemedi akaduwaa. Funguo zikamdondoka. "Kumbe anaongea," akasema, "mama, kumbe baba anaongea."

"Haongei. Anajibu."

Nikamwambia nyumba haiuzwi. Mtaa ukiisha watu tutahama, lakini hatutautangulia. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa bado kachutama chini, uso umelowa, anasema shikamoo baba, anajibiwa, anasema tena, na nikaingia ndani kuwasha jiko nikawaacha.