Kifuniko Kisichofukizwa

Keynan aliishika karatasi ya Ramlo kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Hii ni nini?"

"Ni jibu."

"Hili si jibu. Hili ni tapishi."

Keynan alikuwa binamu yake, mwalimu wa hesabu hapo Garissa, kijana wa kupiga pasi hata leso. Baba yake Ramlo alishakata shauri: Jumamosi hii Keynan ampime, na akisema msichana hafai, muhula ukiisha aende Mandera kwa mjomba. Ramlo aliijua Mandera hiyo. Ni kupima vitambaa dukani kutwa, huku mjomba akipiga mswaki na kutema povu mbele ya wateja.

Swali lenyewe lilikuwa sita juu ya mstari, √3 chini yake. "Kipeuo hakikai chini," Keynan alikuwa amemwambia. "Kikiachwa huko, nakiona kama unywele kwenye wali. Kiondoe." Basi Ramlo akazidisha √3 kwa √3, akapata tatu safi, akagawa sita kwa tatu, akaandika mbili.

Nyanya yao, ayeyo Shamis, akaingia na kibuyu cha maziwa ya ngamia.

"Sura zimekunjwa hivyo, nani amekufa?"

"Hesabu, ayeyo," akasema Keynan.

"Mungu airehemu. Kunywa."

Keynan alipiga funda moja, macho yakamtoka. Kutema mbele ya nyanya hakuweza, akameza. Yalinuka kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Hata Ramlo, upande wa pili wa mkeka, aliziba pua.

Ayeyo akakinusa kifuniko. "Ramlo, jana nani alikifukiza kibuyu?"

"Mimi. Nilikitia makaa mpaka kikajaa moshi."

"Na kifuniko?"

Ramlo akakitazama kifuniko mkononi mwa ayeyo.

"Chombo na kifuniko chake hupewa moshi ule ule, wewe hujui? Umesafisha chini, juu ukaacha na uvundo wake. Muulize mwalimu uvundo huo umeishia wapi."

"Ayeyo, tafadhali, nyamaza kidogo," akasema Keynan, mkono mdomoni.

Ramlo akaitazama karatasi yake. Chini alikuwa ameosha kwa √3. Juu, sita ilikaa vile vile, haikuguswa na kitu. Ile mbili yake nayo ikanuka. Akaikata, akazidisha na juu pia kwa √3, ikawa 6√3, akagawa kwa tatu: 2√3.

Keynan akachungulia. "Sasa rahisisha √12."

"Kumi na mbili ni nne mara tatu. Nne inatoka nje ikiwa mbili, tatu inabaki ndani." Akasita. "Ni 2√3. Ni jibu lile lile."

"Na ile mbili yako ya kwanza?"

"Tapishi."

Keynan akainuka akitafuta viatu. "Baba yako nitamwambia ubaki shule. Nikifika kwake mzima."

"Nikuongeze kidogo, mjukuu wangu?" ayeyo akauliza, lakini mwalimu alishafika mlangoni.

Ramlo akakichukua kifuniko akakifukize. "Ayeyo, kwani hukuyanusa maziwa kabla ya kumpa?"

"Nimeyanusa tangu alfajiri," akasema ayeyo. "Nikaona si vizuri kuyamwaga, na mgeni anakuja."