Chumba cha Upepo cha Bibi Zubeda

Latifu alikuwa na ofisi ndogo ya kuchora ramani za nyumba pale Sofu. Bibi yake, Zubeda, alikuwa na nyumba ya udongo kule Dutumi ambayo hakutaka mtu aibomoe. Alikubali kuongezewa chumba kimoja tu, chenye ubaridi, kisichotaka feni wala umeme.

Latifu akajitutumua. Kuta nene za matofali ya udongo, bati jeupe, na juu kabisa ya ukuta mmoja matundu ya kutolea joto. Upepo ungeingilia kwenye jiko la zamani, upite chumbani, utokee juu. Kilipokamilika, Bibi alijinyoosha mkekani akashusha pumzi.

"Mume wangu we, umenijengea friji!"

Mjukuu akavimba kichwa.

Kesho yake Bibi akapika samaki wa nazi. Hata hajapakua, hodi! Mzee Mwinyimadi, jirani wa upande wa matundu, kasimama mlangoni.

"Nimekuja kutazama ujenzi," akasema. Mkononi ana sahani.

Akautazama siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, kila mara saa ya chakula. Bibi akampigia Latifu simu.

"Upepo wako unamwita Mwinyimadi kama kuku aliyemwagiwa mtama! Ugeuze!"

Latifu akaja mbio, akaziba matundu, akatoboa mengine upande wa pili. Kwa ile haraka hakuangalia upande huo kuna nini.

Kulikuwa na msikiti.

Ijumaa Bibi akapika pilau. Hotuba imepamba moto, harufu yake ikaingia msikitini bila hodi. Shehe akasita, akameza mate, akafupisha maneno. Baada ya swala, safu nzima ya mbele ikaenda kumjulia hali Bibi Zubeda, ambaye hakuwa na hata mafua. Alipakua mpaka sufuria likabaki kukwanguliwa.

Simu ya Latifu ikalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba utaipata ukifika!"

Alifika roho mkononi, akamkuta Bibi kanuna mkekani.

"Rudisha matundu kwa Mwinyimadi," akasema. "Yule angalau ni mmoja, tena anaosha sahani."

Latifu akakanyaga udongo wa kuzibia huku akibana kicheko. Hata hajapanda kuziba tundu la kwanza, Mzee Mwinyimadi alikwisha fika, kakunja mikono ya kanzu, anamshikia ngazi bila kuambiwa na mtu.