Ng'ombe wa Mkwe

Ng'ombe alikuwa amesimama kwa ukaidi tu. Tangu alfajiri hakucheua, ngozi ya ubavuni ikimtetemeka, na majani aliyowekewa yalilala mbele yake bila kuguswa. Nje, pale kijijini Suma, mvua ilikuwa imeingia wiki ya nne. Kiangazi kirefu kiliukausha mlima hadi ukapasuka. Mvua ilipofika ikaumega ubavu mzima, ikafunika malisho ya Lwitiko, mwenye ng'ombe huyo, ikafukua na mifupa ya ng'ombe waliozikwa bondeni miaka ya nyuma. Majani ya kukata yakabaki pale pale tu, penye mifupa. Akayakata. Angekata wapi?

"Usimchinje, usimpasue, na akifa usimguse," Sia, afisa mifugo wa kata, alimwambia kwa simu. "Hizo ni dalili za kimeta. Vijidudu vyake vinakaa ardhini miaka na miaka. Mvua imevitoa."

"Njoo basi, dada, uwaambie mwenyewe."

"Barabara imekatika. Na pikipiki ya ofisi haina mafuta tangu mwezi uliopita."

Wa kuambiwa walikuwa wakwe. Baba yake Janeth, mkewe Lwitiko, alikuwa amelala sebuleni kwake akisubiri kuzikwa, na mkwe huja msibani na ng'ombe. Saa nne wakafika watatu. Mbele Enosi, kaka yake Janeth, kamba mkononi. Katikati kijana wa kuswaga, nyuma mtendaji wa kijiji na mwamvuli wake.

"Ugonile, shemeji," Enosi alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, shemeji. Ng'ombe anaumwa."

"Ng'ombe wako ana akili sana. Anaugua siku za msiba tu."

Wakacheka. Lwitiko naye akajikuta anatabasamu, kama mtu aliyekanyagwa na mgeni wa heshima.

"Afisa mifugo kasema ni kimeta."

"Barua iko wapi?" mtendaji akauliza.

"Kasema kwa simu."

"Hata mimi nina simu," alisema Enosi. "Imeniambia mzee hazikwi kwa majani ya maboga."

"Bila barua sina cha kuzuia," mtendaji akamaliza. "Usitutie aibu, Lwitiko. Mzee alikupa binti ukiwa na shati moja."

Wakamvuta ng'ombe. Alipiga magoti mara mbili njiani, wakamwinua kwa mkia.

Walimchinjia uani kwa marehemu. Damu ilitoka nyeusi, ikakataa kuganda, ikajaza nyayo za watu kwenye tope. Enosi alisema ni uzee. Ini likafungwa kwenye jani la mgomba, fungu la mtendaji. Janeth alikaa na wanawake wakiosha utumbo, vidole vimejaa mikwaruzo ya kuchuma chai.

"Janeth, acha hiyo kazi," Lwitiko alimnong'oneza.

"Niache mbele ya mama?" Hakuinua uso. "Umeshaniaibisha vya kutosha leo."

Siku ya nne kipele kikamwota Janeth kidoleni. Hakikuuma, ndiyo maana alikidharau. Siku ya sita kilikuwa kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, mkono umevimba hadi begani, na hospitali ilikuwa imelaza watu tisa, wote wa msiba ule. Enosi alikuwa wa tatu. Alikuwa haongei tena.

Hapo barabara ikapitika. Gari likaleta wanaume wawili wenye mabuti, mfuko mmoja wa chokaa ya kuua vijidudu, na fomu. Sia alishuka mwisho.

"Kosa: kuchinja mnyama mgonjwa bila kibali," mtendaji akasoma. "Mmiliki nani?"

"Mimi. Lakini wewe ulikuwepo."

"Nimeuliza mmiliki. Saini hapa."

"Sia, waambie!"

"Nilimkataza," Sia alisema. "Kwa simu."

"Simu haifungwi kwenye faili," alijibu mtendaji, akampa Lwitiko kalamu.

Chokaa yote ikamwagwa bandani mwa Lwitiko, banda lisilo na ng'ombe.

"Damu ilimwagika kule juu, uani kwa mzee," Lwitiko alisema. "Pelekeni kule."

"Tukamwage chokaa kwenye matanga ya watu?" mtendaji akauliza. "Una roho gani wewe?"

Gari likawahi kuondoka. Mvua ikashuka. Maji yakateremka kutoka uani kwa marehemu, yakakata shamba la migomba, yakajitandaza bondeni kwenye majani mazuri, marefu kuliko mwaka wowote. Happyness, jirani yake, alikuwa ameinama humo, peku, akifunga mzigo wa pili wa kulisha ndama.

"Happyness! Toka hapo! Usikate hayo!"

Akainuka, akafuta mvua usoni kwa mkono wenye mundu, akamtazama, akacheka kwa huruma.

"Jamani, Lwitiko," alisema. "Hata majani unaninyima?"

Akainama, akaendelea kukata.