Mwimbaji Niliyemponda

Mimi ni mtu wa kuchosha, na nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine hapa Katoro. Nina kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu na memori kadi, mkabala na kijiwe cha bodaboda. Kwa kazi kama hiyo ningepaswa kupenda nyimbo zinazopendwa na watu. Sizipendi. Mchimbaji wa dhahabu akitoka duarani, yaani shimoni, na vumbi la mawe kichwani akaniambia, "Niwekee zinazotamba sasa hivi," namwekea, lakini kwa uso uliokunjamana. Halafu namwongezea wimbo mmoja ambao hakuuomba.

Huo mmoja ndio ulioniharibia jina. Unaweza kuwa wa kaka mmoja wa Tinde anayepiga gitaa la nyuzi tatu kwa makusudi, na huku nyuzi nyingine anazo mfukoni. Au wa dada wa Ushirombo aliyejirekodi ndani ya tangi tupu la maji ili apate mwangwi, akaimba dakika tisa kuhusu mchwa waliokula mlango wa shangazi yake. Nawapenda hawa watu kweli kweli. Ila nikisema ukweli wote, napenda pia kwamba wewe huwajui.

Navaa kofia ya pama kwenye jua hili la Katoro. Kahawa yangu naitwanga mwenyewe, ingawa jirani ana chupa nzima iliyo tayari. Natembelea baiskeli katika mji ambao hata boga husafiri kwa pikipiki. Hakuna aliyenilazimisha.

Tuko wanne kwenye kundi letu la WhatsApp, Masikio Machache. Mwenyekiti ni Mwalimu Sostenes, anayefundisha jiografia sekondari. Sheria zetu ni mbili tu. Mwimbaji akifikisha wasikilizaji mia mbili anaondolewa kwenye orodha, maana huyo ameshakuwa wa kila mtu. Na mwanakundi hapigi makofi. Makofi ni ya mikutano ya hadhara. Sisi tunaheshimu wimbo kwa kunyamaza na kuangalia chini. Wakati huo Sostenes alikuwa anamsikiliza mlinzi mmoja wa ghala la pamba anayejiimbia akiwa lindoni, ambaye hata mwenyewe hajui kama ni mwimbaji. Tulimwonea Sostenes wivu sana.

Mimi nilikuwa na Eufrasia.

Eufrasia, Mama Nelly, ni fundi cherehani wa Buseresere. Kila Jumapili saa tisa alasiri alikuja Katoro na gitaa lake, akaketi kwenye ua wa mgahawa wa Mama Lusia na kuimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Aliimba polepole, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, kuhusu mambo ambayo hakuna anayeyaimbia: muhogo ulionyeshewa ukiwa umeanikwa juani, jirani aliyehama bila kuaga. Wasikilizaji tulikuwa sita, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri wali. Mimi nilikaa nyuma, kofia usoni, mikono mfukoni. Mwaka mzima sikukosa hata Jumapili moja, na mara mbili nililia, kwa siri, nikisingizia moshi wa jikoni.

Basi Jumapili moja akamaliza, akaliweka gitaa magotini.

"Jamani," alisema, "nawashukuru mnaokuja. Lakini naona najiimbia mwenyewe. Jumapili ijayo nitaimba tena. Wakifika watu arobaini, nitajua kuna anayetaka, nitaendelea. Wasipofika, gitaa nampa mwalimu wa kwaya, na mimi naenda kwa dada yangu kumsaidia kwenye mashine ya kusaga. Wabeja, asanteni."

Hakulia wala hakutafuta huruma. Alisema kama mtu anayetangaza kuhamisha duka, na hilo ndilo lililonitisha. Sikutaka sauti ile inyamaze. Sijawahi kutaka kitu kiasi kile, na mimi nimewahi kutaka kuoa.

Jumatatu asubuhi nikavunja msimamo wangu wote. Nikaanza kumsifia Eufrasia kwa kila aliyefika kibandani. "Nenda kamsikilize," niliwaambia, "ana utulivu, ana nafasi kati ya noti na noti." Waliitikia kwa adabu. Nikamsifia kwa mwenye karasha la kusagia mawe, mbele ya mashine inayonguruma, nikipiga kelele neno utulivu. Nikamsifia sokoni, na msikitini nje baada ya swala. Hadi Alhamisi nilikuwa nimepata watu wawili waliosema watakuja, na mmoja alikuwa amedhani namwalika kwenye maulidi.

Ijumaa nikamuuliza Deusdedit, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu na asiyejua kuficha neno.

"Deusi, hivi tatizo ni nini? Wote wanasema watafikiria."

"Kaka Shakuru, nikuambie usikasirike?"

"Niambie."

"Tatizo ni wewe. Wewe ukisifia kitu, sisi tunakaa mbali. Ule wimbo wa mchwa ulioniwekea, abiria wangu aliomba kushuka kabla hatujafika, na mvua ilikuwa inanyesha."

"Kwa hiyo watu hawaji kwa sababu nimemsifia?"

"Tena wiki nzima! Mimi nilikuwa nimepanga kwenda, nikasikia unamsifia, nikaahirisha."

Nilirudi ndani nikakaa kwenye stuli. Iliniuma, sitadanganya. Miaka sita nilidhani naelimisha mji, kumbe mji ulikuwa unanitumia kama kibao cha hatari barabarani. Lakini baada ya vikombe viwili vya kahawa nikaanza kuliona jambo kwa upande mwingine. Kama sifa zangu zinafukuza watu, je, matusi yangu?

Jumamosi nilifungua mapema.

"Deusi," nilisema, nikipangusa kioo cha kaunta kana kwamba sina haraka, "yule mama wa Buseresere, achana naye. Nimemsikiliza tena. Niliwadanganya."

Akageuka. "Mbaya?"

"Anaimba kama mbuzi aliyefungwa juani."

"We! Mbaya kiasi hicho?"

"Hasimuliki. Ni aibu. Kesho saa tisa anarudia tena kwa Mama Lusia, na nakuomba usiende. Usipoteze muda wako."

"Saa tisa kamili, au na nusu?" aliuliza Deusdedit.

Mpaka adhuhuri nilikuwa nimemponda kwa watu kumi na watano, nao bodaboda wakambeba mbuzi wangu mpaka mitaa ambayo mimi sijawahi kufika. Kila nilipolitamka lile neno nilihisi ladha ya sabuni mdomoni. Lakini macho ya watu yaling'aa, na hakuna hata mmoja aliyesema atafikiria.

Jumapili, saa tisa na robo, ua wa Mama Lusia ulijaa. Nilihesabu arobaini, nikahesabu sitini, nikaacha. Wengine walipanda juu ya magunia ya mkaa. Wachimbaji walikuja na viatu vyao vya kazini. Nilijibanza nyuma kabisa karibu na jiko, moyo unanidunda kwa furaha, nikamwona Eufrasia akitoka ndani na gitaa. Alisimama ghafla. Akatazama watu, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine wanayemsubiri.

"Karibuni," alisema. Sauti ilimtetemeka. "Sikutegemea. Nani kawaambia?"

Deusdedit, Mungu amsamehe, akajibu kwa sauti ya kijiweni: "Mama Nelly, tumeambiwa unaimba kama mbuzi. Tumekuja kuhakikisha!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Eufrasia hakucheka.

"Kasema nani?"

Hakuna aliyenitaja jina. Waligeuka tu, vichwa vyote, na kofia yangu ilikuwa moja tu pale.

Hapa lazima nieleze jambo. Marehemu baba yake Eufrasia alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo kwenye ngoma za mashindano baada ya mavuno. Kwa watu hao, ukisimangwa hadharani hupaswi kujibu kwa maneno makavu. Unajibu kwa wimbo, palepale, na umati ndio unaoamua nani kashinda. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewahi hata kumweleza Sostenes kwa dakika arobaini. Lakini haikunijia kwamba ningekuwa mimi ndiye ninayejibiwa.

Akaketi. Akakaza uzi mmoja, taratibu, akinitazama. Kisha akaanza, na haikuwa ile sauti yake ya muhogo na mvua. Ilikuwa sauti yenye meno. Aliimba kuhusu Bwana Kofia anayekuja kila Jumapili, mikono mfukoni, asiyepiga makofi hata siku moja. "Mwaka mzima," aliimba, "mwaka mzima nikitafuta uso wake chini ya ile kofia, nikaukuta umelala." Bwana Kofia anapenda maji yakiwa kisimani. Yakitoka kwenye ndoo, watu wakanywa, anasema yamechafuka. Bwana Kofia, uliza mikono yako, inafanya kazi gani?

Kufikia mara ya tatu, watu walikuwa wanaitikia: "Inafanya kazi gani!" Wachimbaji walipiga buti chini. Mama Lusia alitoka jikoni na mwiko wake akicheza. Na mimi nikiwa nimesimama pale, masikio yanawaka moto, ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya mwaka mzima. Mimi nilidhani namheshimu. Yeye alikuwa akirudi Buseresere kila Jumapili akiamini kuwa hata yule mmoja asiyekosa hakufurahi.

Baada ya hapo akaimba zile nyimbo zake za polepole, na hakuna aliyeondoka. Hata Deusdedit alinyamaza kwenye ule wa jirani aliyehama. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na furaha, na sikujua nianze na ipi.

Jumatatu kulikuwa na foleni kibandani. Kila mtu alitaka Bwana Kofia. Kuna aliyekuwa ameurekodi kwa simu, na kufikia saa nne ulikuwa umefika Buseresere na kurudi. Niliuweka kwenye simu za watu mmoja mmoja, nikiwa nimevaa kofia ileile, maana kuivua kungekuwa kukiri. Wengine waliomba kupiga picha na mimi. Jumatano Sostenes akaandika kwenye kundi: Eufrasia amepita mia mbili, anaondolewa. Dakika mbili baadaye akaandika tena: na wewe Abdulshakur umeshakuwa maarufu kuliko kanuni zetu zinavyoruhusu, pole sana. Akanitoa.

Zilipita wiki tatu. Kisha, mchana mmoja, Eufrasia alisimama mbele ya kaunta yangu, gitaa mgongoni. Deusdedit alikuwa akimsubiri kwenye pikipiki.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, Mama Nelly. Karibu."

"Nimeitwa Tinde," alisema. "Siku ya mnada. Wanasema watakuwa watu wengi sana. Wanautaka ule wimbo."

"Hongera."

"Ndiyo maana nimekuja." Aliweka mikono juu ya kaunta. "Mama Lusia ananiambia kwamba kabla ya siku ile ulikuwa unanisifia wiki nzima. Mpaka msikitini. Na anasema siku moja alikuona unafuta machozi. Sasa tangu aniambie, nikiimba ule wimbo sauti inanikwama. Baba alinifundisha hivi: wimbo wa kumsema mtu lazima uwe wa kweli. Ukiwa wa uongo, unakuulia sauti wewe mwenyewe. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama mbele ya Mungu. Ulikuwa unazipenda nyimbo zangu?"

Nilimtazama. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na majibu marefu, yenye mifano, kuhusu ule wa muhogo, kuhusu pale anaposhusha sauti badala ya kuipandisha. Yote yalikuja mdomoni kwa pamoja.

"Na kama nilizipenda?" niliuliza.

"Basi ule wimbo nauacha. Nitakuomba radhi mbele za watu. Na Tinde siendi, maana nitakwenda na nini?"

Nje Deusdedit alipiga honi. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa kioo ambacho kilikuwa safi.

"Mama Nelly," nilisema, "nilikuwa nakuja kunywa chai."

"Chai?"

"Chai ya Mama Lusia. Ana tangawizi nzuri."

"Na kunisifia kote kule?"

"Nilimwonea huruma yeye. Viti vyake vilikuwa vitupu."

"Na machozi?"

"Moshi."

Alinichunguza usoni, chini ya ukingo wa kofia, kama anavyochunguza mshono kabla ya kumkabidhi mtu nguo yake. Nikamwachia uso uleule wa mwaka mzima. Nilishakuwa na mazoezi nao.

Kisha mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu.

"Nilijua," alisema, na nikaona hasira ikimrudia, nzima, na shingo yake ikanyooka. "Nilijua tu! Tangawizi!"

Hakuaga. Alipokuwa anavuka kwenda kwenye pikipiki alishaanza kuimba kwa sauti ya chini, akitafuta maneno, akapata ubeti mpya kuhusu Bwana Kofia aliyesikiliza kwa koo badala ya masikio. Alirudia mara mbili kuweka sauti vizuri kabla Deusdedit hajawasha. Ulikuwa mzuri kuliko zote zilizotangulia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.