Soko Lililohamia Sebuleni

Miaka ile maghala ya zamani ya ushirika yalipokuwa yakigeuzwa kuwa maduka ya watu binafsi, na mengine kuwa vibanda vya intaneti, Mwanaidi alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta. Alikuwa mwalimu wa hisabati pale Mazimbu, Morogoro, na mchezo wake aliuita Gulio. Kila mchezaji alipewa shamba milimani, akalima karoti, ndizi au njegere, kisha akashuka sokoni kuuza na kununua. Mmoja angeweza kuwa Morogoro, mwingine Mbeya, ilimradi wote wameungana kwa intaneti. Bei haikupangwa na mtu. Ilipanda na kushuka kufuatana na walicholeta wachezaji wenyewe, kama Mwanaidi alivyoiona ikipanda na kushuka utotoni, alipokuwa akikaa kando ya mikungu ya ndizi ya mama yake kwenye gulio la Mkuyuni.

Mumewe, Ahmadi, alifundisha jiografia sekondari, na kompyuta aliijua kwa kuchapia mitihani tu. Mambo ya mkewe aliyaelewa pale alipoelezwa kwa mifano.

"Seva ni karani wa soko," Mwanaidi alimwambia siku moja akimenya viazi. "Huyu akiuza, yule akinunua, karani ndiye anayejua nani ana nini. Asipokuwepo, kila mtu atadai lake."

Ahmadi alipenda kumsikiliza akieleza hivyo, tena bila hata kuacha viazi vyake.

Karani huyo alikaa Dar es Salaam, kwenye mitambo ya kampuni ndogo iliyokodisha nafasi katika seva zake. Basi Julai moja, maonyesho ya wakulima ya Nanenane yakiwa yanabisha hodi na Mwanaidi amekwisha kupewa meza katika viwanja vya Tungi, kampuni ile ikafunga virago bila kuaga. Simu iliita weee, haikupokelewa. Soko zima likapotea na mashamba yake.

Ahmadi alitazamia mkewe angalau akasirike. Mwanaidi alimaliza chai yake, akafungua kabati, akatoa sidii aliyohifadhia nakala ya programu.

"Baba Saada, ile meza ya kupigia pasi unaihitaji sana?" alimuuliza mumewe.

"Ya nini?"

"Seva tutaiweka hapa sebuleni."

"Mimi nilidhani seva inahitaji jumba zima lenye viyoyozi."

"Ni kompyuta kama nyingine, tofauti ni kazi unayoipa. Tena tulipaswa kuwa na ya kwetu tangu mwanzo. Kila nikibadilisha kitu kidogo, nasubiri kifike Dar kwa mwendo wa kinyonga ndipo nijue kama nimepatia au nimekosea."

Mwenzake Mwanaidi katika kazi ya mchezo alikuwa Deogratias, mchoraji, mtoto wa wakulima wa Mgeta, aliyeuchorea mchezo milima na mboga zake zote. Yeye ndiye aliyekuja na kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya duka la kuchapa nyaraka. Haikuwa na mfuniko, na feni yake ilinguruma kama mashine ya kukoboa. Mwanaidi aliipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaiwekea mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta aliopewa na rafiki yake, kisha programu ya kutunza kumbukumbu za soko. Akavuta nyaya kutoka kwenye meza ya pasi hadi kwenye kompyuta mbili za kuchezea, moja kwenye meza ya chakula, nyingine juu ya cherehani.

Kompyuta hazikuonana. Deogratias alibonyeza, akabonyeza tena, kioo kikabaki cheupe. Ahmadi akaanza kukagua nyaya moja baada ya nyingine. Mwanaidi hakugusa kitu. Alikaa, akafikiri, kisha akacheka kidogo.

"Mchezo bado unamtafuta karani Dar. Hakuna aliyeuambia kwamba amehama."

Akafungua programu, akafuta anwani ya zamani kila mahali alipokuwa ameiandika, akaweka ya kompyuta ile ya kwenye meza ya pasi. Milima ya Uluguru ikajitokeza kwenye vioo vyote viwili, kijani kibichi, na soko likafunguliwa. Kila walipobonyeza, jibu lilikuja papo hapo. Ahmadi hakuwahi kuuona mchezo ule ukienda kasi namna hiyo, akajikuta amepiga makofi peke yake.

Kasi hiyo ndiyo iliyowaumbua. Ahmadi na Deogratias walikuwa wakicheza, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakanunua kapu la mwisho la karoti kwa wakati mmoja.

"Nimelipata," alisema Ahmadi.

"Hata mimi ninalo," alisema Deogratias.

Mwanaidi aliinama akatazama kioo hiki, akatazama na kile. Kapu moja lilikuwa na wenye kapu wawili.

Maonyesho yalikuwa mlangoni. Ahmadi alishauri kwamba pale Tungi wawaambie tu watu wapokezane, huyu akinunua yule asubiri. Nani angegundua?

"Mimi nitakuwa najua," Mwanaidi alisema kwa upole. "Soko linalouza kapu moja mara mbili si soko, mume wangu. Kosa hili lilikuwepo siku zote, ila mtandao wa Dar ulikuwa mzito mno, haukutupa nafasi ya kuliona."

Akaenda jikoni, akarudi na kapu la mchicha, akaliweka katikati ya meza. Akawataka wanunue kama programu inavyonunua: kwanza utazame kama kapu lipo, kisha ulipe, kisha uchukue. Wote wawili wakatazama, kapu lipo. Wote wakalipa kwa vifuniko vya soda. Wote wakanyoosha mikono, mikono ikagongana juu ya mchicha.

"Mmeona? Katikati ya kutazama na kuchukua pana mwanya." Akaweka kiganja chake juu ya kapu. "Karani anatakiwa alishike kapu tangu mteja wa kwanza anapolitazama. Amalize naye kabisa, ndipo amsikilize wa pili. Na jambo likikatika katikati, kila kitu kirudi kilipokuwa."

Ahmadi, aliyefundisha miaka yote kwa ramani na chaki, alijiambia kwamba hajawahi kuona somo limefundishwa vizuri hivyo. Mwanaidi aliandika upya sehemu nzima ya kununua. Wakajaribu hadi vidole vikauma, na kila mara kapu lilikuwa na mwenyewe mmoja.

Siku ya maonyesho walibeba seva na kompyuta zao hadi Tungi, na watu wakajaa mezani kwao. Akaja mama mmoja mkulima kutoka Mgeta, Theresia, kitenge begani.

"Shikamoo, mama. Karibu ucheze," Mwanaidi alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hii bei kaipanga nani?"

"Hakuna aliyeipanga. Ni ninyi wenyewe mnaocheza."

Theresia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nyumbani. Wengine walipokuwa wakimwaga karoti zao sokoni, yeye alizishikilia, akasubiri ziadimike. Bei ilipopaa akauza, na papo hapo umeme ukakatika uwanja mzima.

Ahmadi aliinama kukagua nyaya. Mwanaidi alisimama amekunja mikono, akizungumza na Theresia habari za mbolea, mpaka umeme uliporudi. Seva ikanguruma, ikaamka. Theresia akatazama kioo.

"Fedha yangu imo," alisema. "Na karoti zimeshakwenda kwa yule bwana wa pale. Hapa hakuna wizi."

Mwaka uliofuata Gulio lilirudi kwenye intaneti, na watu wa mikoa mingine wakalicheza. Seva ya sebuleni haikuondolewa. Kila jambo jipya lilijaribiwa kwanza pale, na wanafunzi wa Mazimbu walikuja kujifunza namna ya kutengeneza seva za kwao.

Lakini Ahmadi akiulizwa, husimulia jioni waliyoondoka Tungi. Dereva wa teksi alifungua buti wapakie ile kompyuta ya seva. Ahmadi alikataa. Akaipakata mapajani mpaka nyumbani, vumbi na nyaya juu ya suruali yake nzuri, huku Mwanaidi, ameegemea bega lake, akiwa amekwisha kusinzia.