Juu ya Jiwe Jeupe Hakusemwi

Amplifaya ilikuwa inakoroma kama mlevi. Fundi aliifungua, akagusa waya huu, akapuliza vumbi kule, akaifunga, akaiwasha. Ikakoroma tena. Tangu mama yake azikwe, hakuna kazi aliyoishika mpaka ikaisha. Alikuwa akifungua redio ya mtu, anaiacha matumbo nje, anafungua nyingine, hata duka lake dogo la njia panda likawa kama wodi ya majeruhi.

"Itapona?" aliuliza Mama Mkubwa kutoka kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameunyoosha mguu wake wenye goti bovu, fimbo ameilaza mapajani. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, muuza vitambaa aliyeacha kelele za soko akazihamishia kwenye maandamano. Tangu itangazwe kwamba juu ya Mlima itajengwa nyumba ya darubini, ya kuangalizia nyota, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya watu akisema haijengwi.

"Itapona, Mama. Ni mafua tu."

"Basi ipe dawa. Kesho tunavuka geti. Spika naitaka kileleni, mji mzima usikie."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Kileleni? Kupita Jiwe Jeupe?"

"Kwani kilele kimehamia chini ya jiwe?"

"Kule hakusemwi, Mama."

"Mwanangu, katapila lao likija, litapanda likinong'ona?"

Fundi akaitwaa tena bisibisi. 

Habari ya Jiwe Jeupe haikuwa siri ya mtu. Chini yake unaweza kupiga soga, kuimba, hata kugombana na mkeo. Ukilipita tu, mdomo unafungwa, awe mkubwa awe mtoto. Waliopanda zaidi ni wafiwa. Watoto wa marehemu hupanda pamoja, asibaki mmoja, wakakaa kule juu na kimya chao mpaka vifua vitulie, kisha wakashuka. Baba yao akina Fundi alipokufa, mama yao aliwapandisha, Fundi mkono huu, kaka yake mkono ule. Kwenye jiwe aliinama akawaambia, "Maneno yenu yaacheni hapa. Hayaendi popote. Mtayakuta mkirudi."

Sasa mama mwenyewe alikuwa amelala mchangani, mvua zilikuja na kupita, na watoto wake wawili hawajampandia. La kulaumiwa lilikuwa geti. Kampuni ya ujenzi iliweka geti la chuma hatua chache juu ya jiwe, na mlinzi wa geti hilo alikuwa kaka yake Fundi. Alivaa sare wiki ile ile Mama Mkubwa alipolala barabarani mbele ya lori la kokoto. Toka hapo kaka na dada hawa hawakuongea isipokuwa msibani, na msibani waliongea habari za viti na maji ya kunawa.

Mama Mkubwa alipoondoka, haukupita muda kivuli kirefu kikaingia dukani. Kaka yake watu walimwita Twiga, na milango yote ilimjua kichwa.

"Hodi."

"Kwa mlinzi, kila mahali ni geti."

Twiga akaweka redio yake ya mkononi juu ya meza. "Inapokea, lakini haitoi."

"Imemfuata mwenyewe."

Twiga akatabasamu, kisha akakumbuka kwamba hawaongei, akaacha. Fundi akaifungua redio. Kitufe cha kusemea kilikuwa kimejaa vumbi la saruji, akaanza kukisafisha.

"Umekuja na nguo hizo mchana kweupe," alisema bila kuinua macho. "Unataka nichomewe duka?"

"Nije uchi?"

"Ungekuja na nguo zako za zamani."

"Sikiliza, mdogo wangu. Keshokutwa wanaizungushia njia uzio, mpaka huku bondeni. Kesho asubuhi zamu ni yangu, niko peke yangu. Njoo tumpandie Mama."

"Nifunguliwe na mlinzi, watu wakiniona?"

"Utafunguliwa na kaka yako."

"Kaka yangu angekuwa upande wa huku."

Twiga akajikuna shingo palipokwaruzwa na ukosi wa sare. "Mimi nikitoka pale, wataweka mtu asiyejua hata jiwe liko wapi. Walitaka kuchimba choo kileleni. Nani aliwakatalia?"

"Tukupigie vigelegele?"

"Nipe redio yangu."

Fundi akaifunga, nzima, akampa. Mlangoni akainama kupita, akabaki ameinama vile vile, kama mtu aliyesahau kilichomwinamisha. "Peke yangu siwezi kupanda," alisema. "Wala wewe huwezi." Akaenda zake.

Ukiacha redio hiyo, siku ile Fundi alimaliza kazi moja tu, amplifaya ya Mama Mkubwa. Ikawa haikoromi tena. Afadhali ingekoroma.

Asubuhi watu walijaa kwenye njia inayopanda mlimani. Mabango, filimbi, wauza maji, wagomvi na wenye huzuni, wote ndani. Fundi alikuja akisukuma mkokoteni wenye betri, amplifaya na spika. Chini kidogo ya jiwe alisimama mhandisi wa kampuni, binti mwembamba aliyevaa kofia ngumu.

"Ndugu zangu, darubini haipigi kelele," alikuwa akisema. "Inaangalia tu. Hamtaisikia kabisa."

"Hata kaburi halipigi kelele, mwanangu," alisema Mama Mkubwa. "Lakini jaribu kutoka."

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi akasogea pembeni, akajishughulisha na simu yake.

Walipofika kwenye Jiwe Jeupe, umati ulisita wenyewe. Hakuna aliyesema simameni. Miguu ilikumbuka. Mkokoteni ukakwama kwenye mizizi, na Fundi hakujitahidi kuukwamua. Mama Mkubwa alitazama nyuma, akaona watu wanapoa, akachukua kipaza sauti, akavuka. Waya ulimfuata ukikwaruza juu ya jiwe kama mkia.

"Mmesimama nini? Njooni!" Sauti ikagonga mlima ikarudi. Watu wakavuka, kwanza wachache, kisha wote wakisukumana, na kila aliyevuka alipiga kelele zaidi ya mwenzake, kama mtu anayepita makaburini usiku.

Nyuma ya geti Twiga alikuwa amesimama wima.

"Mnamwona?" spika ilinguruma. "Yule ni mtoto wa mdogo wangu! Kikulacho ki nguoni mwako! Mama yake hajapandiwa mpaka leo, yeye analinda wanaobomoa alipopandiwa baba yake. Haya, sema! Walikupa nini?"

"Sema!" umati ukaitikia.

"Ameuza mpaka ulimi!" kijana mmoja akadakia, wakacheka.

 Fundi, aliyebaki chini na mkokoteni wake, alinyoosha shingo akamtazama. Midomo ya kaka yake ilikuwa imeingia ndani, ameiuma kwa meno. Alikwisha kuiona midomo hiyo. Siku ile walipompandia baba yao, nyuki alimuuma Twiga shavuni kileleni, akalia machozi mpaka kifuani, na midomo ameiuma hivyo hivyo, sauti isitoke.

Watu wote hawa, aliwaza Fundi, na anayelinda mlima ni yule wanayemzomea.

Mkono wake ukaenda wenyewe. Alichomoa fyuzi ya amplifaya, akaitia mfukoni.

Kinywa cha Mama Mkubwa kiliendelea kufanya kazi bila mlio. Akapigapiga kipaza sauti kwa kidole. Akageuka.

"Fundi! Imekufa?"

"Haijafa, Mama. Nimeizima."

"Iwashe!"

"Shuka huku chini ya jiwe, nitaiwasha. Sema mpaka jioni. Hata mimi nitasema."

Umati ukanguruma. "Wa pili huyo! Familia nzima imenunuliwa!" Yule kijana aliyetaja ulimi akaruka chini mpaka kwenye mkokoteni, akaanza kuvuta nyaya ovyo.

"Na wewe, mwanangu?" alisema Mama Mkubwa. Sasa sauti yake haikuwa ya spika, ilikuwa ya nyumbani. "Na wewe?"

"Nimefiwa, Mama," alisema Fundi. "Nimefiwa na sijapanda."

Hakungoja jibu, maana jibu lolote lingemrudisha dukani. Alivuka jiwe, akafunga mdomo, akapita katikati ya watu. Mmoja alimsukuma bega, mwingine alimpisha. Kabla hajafika, Twiga alikuwa amekwisha kutoa mnyororo. Alivua kofia akaitundika kwenye nguzo ya geti, akaitundika na redio. Ilikuwa inaita, "Geti, geti, vipi huko? Jibu, geti." Ilikuwa imepona vizuri sana, na hakuna aliyeijibu.

Geti likabaki wazi. Mtu yeyote angeweza kuingia.

Kaka akampa mkono, dada akaupokea, wakaanza kupanda. Mkono ulikuwa wa baridi na wenye jasho. Nyuma yao kelele zilikatika, zikaanza, zikakatika tena. Mahali fulani bondeni injini iliwaka, nzito kama ya katapila. Fundi alitaka kugeuka, na Twiga akauminya mkono wake. Yaani, twende.

Kisha akasikia hatua kwenye kokoto. Mguu, fimbo, mguu unaoburuzwa. Goti lile alilijua tangu utotoni. Lilikuwa linakuja, linahema, halisemi neno. Kama lilikuwa linakuja kumlilia mdogo wake au kuwachapa wao wawili fimbo, Fundi hakujua, na hapa hapakuwa pa kuulizia. Na kama nyuma ya goti hilo kulikuwa na wengine, hakujua pia.

Akaendelea kupanda, fyuzi ikimchoma mfukoni. Maneno yote ya asubuhi ile yalikuwa yamebaki pale jiweni. Hayakuwa yanaenda popote. Wangeyakuta wakirudi.