Pampu ya Mzee Kipkurui

Mafundi watatu walikuwa wamemwambia Mzee Kipkurui kwamba pikapu yake haina kelele yoyote, na wa tatu, kwa mdomo wake usio na haya, akaongeza kwamba labda kelele iko masikioni. Maneno hayo yakamfikia mwanawe Kiplangat, naye akakata shauri. Fundi wa nne asipopata kitu leo, baba atatoa ufunguo na hatagusa usukani tena.

Fundi wa nne alikuwa Wacera, mwenye gereji pale mjini Kapkatet. Alipomwona mzee amesimama kando ya pikapu yake ya maziwa, kofia mkononi kama mshtakiwa, moyo ulimuuma. Baba yake mwenyewe alinyang'anywa usukani hivyo hivyo, na tangu siku ile hakuwahi kutoka tena nje ya lango lake. Wacera akajiapia: kelele hii nitaipata, wapende wasipende.

"Mzee, inalia wapi?"

"Kwa pampu," Kipkurui akajibu. "Kila pampu. Ko! Ko!"

Kiplangat akatikisa kichwa. "Fundi, pampu ya stiringi tumebadilisha mara mbili. Unaona vile nasumbuka?"

Wacera akawasha injini na kuzungusha usukani gari likiwa limesimama, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Kimya. Akainua gari kwa jeki chini ya chasisi, akashika gurudumu na kulitikisa juu chini, kisha upande kwa upande. Limekaza kabisa. Kiplangat akanyoosha mkono mbele ya baba yake kuomba ufunguo.

"We, ngoja kwanza! Unakimbilia wapi?" Wacera akafoka. "Mzee, ingia uendeshe. Nionyeshe hiyo pampu."

Wakatoka polepole, Kiplangat amekaa nyuma amenuna. Karibu na shule mzee akapunguza mwendo, akaelekeza kidole barabarani.

"Pampu ndio hii."

Tuta! Kumbe ni bampu ya barabarani! Gurudumu likapanda, likashuka, na ko! chini kabisa ya miguu ya Wacera. Akajipiga kofi pajani. Miezi mitatu huyu mzee anasema kweli tupu, na watu wanamng'olea pampu nzima kwa sababu ya herufi moja, P mahali pa B!

"Pole, baba," akasema. "Hata mimi lori likinitoka mdomoni huwa rori, na wananicheka mpaka leo."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sasa mambo yalikuwa wazi. Kelele ilitoka gurudumu likiwa limebeba uzito, na mafundi wote, Wacera akiwemo, walilipima likining'inia hewani. Waliporudi gereji akaweka jeki chini ya mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, ili uzito wa gari ubaki juu yake, akapenyeza mtaimbo chini ya tairi na kuinua. Ko!

"Umesikia?"

"Nimesikia," Kiplangat akasema, sauti imepungua.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lenyewe lilikuwa la gari."

Ilikuwa boljointi ya kushoto, kile kifundo kinachozuia gurudumu lisichomoke. Ilicheza kama jino la mtoto. Wacera akafungua nati, na kifundo kikatoka chenyewe, bila nyundo. Akakiweka kiganjani mwa Kiplangat.

"Ingechomoka lini?" kijana akauliza.

"Tuta moja, mawili. Ama kona yoyote ile."

Kiplangat akajikalisha juu ya tairi kuukuu. Akakigeuza kile chuma, akakigeuza tena.

"Baba, jana ulinisihi nisibebe watoto wa kwaya kwa hii gari."

"Nilikusihi."

"Nikakuambia umezeeka. Nikateremka nao mpaka Kaplong, watano, wakiimba mpaka sikusikia kitu. Wangu wawili walikuwa kati yao."

Wacera akageuka, akajifanya anatafuta spana. Mzee Kipkurui akaketi juu ya tairi lile lile, bega kwa bega na mwanawe, akamshika mkono.